Benz ya Babu Chini ya Mwarobaini: Historia ya Magari ya Kifahari ya Zamani na Kwa Nini Yanamaliza Hela

Ibadakuli wengi wanaijua kwa sababu ya uwanja wa ndege wa Shinyanga. Ila kwenye kata hiyo hiyo kuna kaya moja ambayo kila bodaboda anaijua kwa jina lingine kabisa: "pale kwenye Benz". Chini ya mwarobaini mkubwa, nyuma ya zizi, kulikuwa na Mercedes 240D ya mwaka 1979. Rangi yake ya krimu ilishakuwa kama ya vumbi. Kuku walikuwa wanataga siti ya nyuma. Matairi yalishazama ardhini kiasi kwamba mtoto mdogo angeweza kudhani gari iliota pale.

Mwenye gari alishafariki. Jina lake halitatajwa hapa, ila alikuwa mfanyabiashara wa pamba, na gari aliinunua mwaka 1987 kutoka kwa mzungu mmoja aliyekuwa anamaliza mkataba wake na kurudi kwao. Akaiendesha mpaka 1998. Siku moja akaipaki, akasema atainunulia spea mwezi ujao. Mwezi ujao haukufika.

Mjukuu wake, kijana aliyepata vijisenti kwenye makarasha ya dhahabu upande wa Geita, alirudi nyumbani akiwa na wazo moja: kuifufua Benz ya babu ili imbebe siku ya harusi yake. Baba yake mdogo naye alikuwa na wazo lake: iuzwe skrepa, hela zilipe ada ya wadogo zake wawili. Kikao cha ukoo kikakaa. Bibi akasikiliza wote, akasema kitu kimoja tu: "Gari hiyo ndiyo iliyonipeleka Kolandoto usiku nilipokuwa najifungua mama yenu mdogo. Msiikate."

Basi, ikabidi ifufuliwe. Lakini kabla hujajua ilikula kiasi gani, inabidi ujue gari kama hizi zilifikaje huku.

WABENZI WALITOKA WAPI

Shinyanga siyo sehemu iliyoanza kuona hela jana. Mwaka 1940 mjiolojia kutoka Canada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui. Mwaka 1947 pale pale ikatoka almasi ya rangi ya waridi ya karati zaidi ya 54, ambayo alipewa zawadi Princess Elizabeth wa Uingereza mwaka aliofunga ndoa. Miaka ya 50 pamba nayo ikashika kasi, na Usukumani kukawa na chama kikuu cha ushirika, Victoria Federation, kilichoanzishwa 1955 na kukua mpaka kikahesabika miongoni mwa vikubwa kabisa Afrika.

Palipo na hela pana gari. Na gari iliyojijengea jina zaidi Afrika Mashariki kipindi hicho ni Mercedes. Siyo kwa matangazo tu. Kwenye mbio za Safari Rally, zilizokuwa zinapita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye matope na vumbi la kweli, Mercedes ilishinda mara tatu mfululizo: 1959, 1960 na 1961. Peugeot 404 nayo ikashinda 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa dereva aliyekuwa anaishi Dar es Salaam. Ndiyo maana wazee wengi ukiwatajia gari ngumu watakwambia mbili tu: Benz na Peugeot.

Baada ya uhuru, Benz ikawa gari ya wakubwa. Waswahili hawakuchelewa kuwapa kabila lao. Kama kuna Wasukuma, Wahaya na Wachaga, basi na wale wanaopanda Benz ni Wabenzi. Neno hilo lilianza kama utani, likaishia kuwa kijembe cha kisiasa Afrika Mashariki nzima. Azimio la Arusha la Februari 1967 halikumtaja mtu kwa gari yake, lakini miiko ya uongozi iliyokuja nalo, kama kutokuwa na mishahara miwili, hisa kwenye makampuni au nyumba za kupangisha, ilifanya Benz ya kiongozi iangaliwe kwa jicho lingine. Ukitaka kuona mabaki ya enzi hizo, nenda Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam. Ipo Rolls-Royce iliyotumiwa na serikali ya mkoloni kisha Mwalimu Nyerere, na ipo Mercedes ya iliyokuwa Jumuiya ya Afrika Mashariki.

ENZI ZA KUTOKUWA NA SPEA

Sasa shida ilianza miaka ya 70. Bei ya mafuta duniani ilipanda 1973, ikapanda tena 1979. Katikati hapo Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977, na Vita vya Kagera vikaja 1978. Serikali ikachukua malori na mabasi mengi ya raia kwenda kubeba askari na mizigo. Hela ya kigeni ikaadimika. Wazee wanakumbuka kipindi ambacho Jumapili mchana, ikifika saa nane, gari binafsi hairuhusiwi barabarani, ili taifa libane mafuta.

Fikiria una Benz kipindi hicho. Ukiwa na hela mfukoni, spea haipo dukani. Ukiipata spea, dizeli haipo. Ndipo fundi wa Kitanzania alipozaliwa kikweli. Gasketi ikakatwa kwenye karatasi gumu. Bushi ikachongwa kwenye tairi bovu la lori. Mpira wa maji ukafungwa kwa mpira wa baiskeli. Ujanja huu uliokoa magari mengi, lakini uliacha deni. Kila ukarabati wa "ngoja ifike nyumbani kwanza" ulibaki ndani ya gari, ukisubiri mtu wa kuja kuulipia miaka 40 baadaye.

Kuanzia 1984 serikali ikaruhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa, na alipoingia Mzee Mwinyi mwishoni mwa 1985 milango ikafunguka zaidi. Magari ya mtumba kutoka Japani yakaanza kumiminika. Toyota ikawa na spea kila kona mpaka Kahama na Geita, na Benz ya mzee ikaanza kuonekana mzigo. Babu wa Ibadakuli alinunua gari yake wakati huo huo wenzake walipoanza kuhamia Toyota. Aliipata kwa bei ya kutupa. Bei ya kutupa ndiyo mtego wenyewe.

KANUNI YA KWANZA: GARI IMESHUKA BEI, SPEA HAZIJASHUKA

Hapa ndipo vijana wengi wanapigwa. Unaona mtandaoni Benz ya zamani inauzwa sawa na IST iliyochoka. Unasema, kwa nini nisiwe mkubwa kwa hela hiyo hiyo?

Sababu ni kwamba kilichoshuka ni bei ya kuiuza. Pampu, nozo, rejeta na breki zake bado ni za gari iliyotengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye hela. Gari ikizeeka inahitaji spea nyingi zaidi, siyo chache. Kwa hiyo unanunua kwa bei ya maskini, unatunza kwa bei ya tajiri.

Na usidhani kuagiza yako kutoka nje ndiyo kukwepa. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, VAT ni asilimia 18, na gari iliyozidi miaka kumi inapigwa na ushuru wa uchakavu juu yake. Nafuu zipo chache: ada ya leseni ya gari ya kila mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017/18 na kuhamishiwa kwenye mafuta, na bima ndogo ya gari binafsi kwa miaka mingi imekuwa shilingi 118,000. Lakini bima kubwa kwa gari ya umri huo ni shughuli, maana kampuni itauliza thamani yake ni ipi, na hakuna anayejua.

FUNDI AFUNGUA BONETI

Turudi Ibadakuli. Fundi aliitwa kutoka mjini, mzee wa makamo aliyejifunza kazi kwenye gereji ya ushirika. Alizunguka gari mara mbili bila kusema neno, akainama, akagonga chini kwa bisibisi. Kijana akauliza, "Fundi, injini itakuwa imekufa?" Fundi akajibu, "Mdogo wangu, injini ndiyo kitu cha mwisho kufa kwenye gari hii. Tuanze na vingine."

Na ni kweli. Injini ya 240D ina silinda nne, haina kompyuta, na ni mvivu: kufika kilomita 100 kwa saa inataka zaidi ya sekunde 20. Lakini ugumu wake umeandikwa kwenye historia. Dereva teksi mmoja wa Thessaloniki, Ugiriki, aliendesha 240D ya 1976 kwa kilomita milioni 4.6, akibadilisha injini kila inapochoka, mpaka kiwanda chenyewe kikaichukua kuiweka makumbusho mwaka 2004. Toleo la babu, lile lililotengenezwa kuanzia 1976 hadi mwanzoni mwa 1986, lilitoka karibu magari milioni 2.7. Ndiyo maana spea zake bado zinapatikana, mpya Ujerumani na za mtumba Gerezani, Dar.

Kilichokula hela ni haya yafuatayo, na karibu kila Benz iliyolala inayo.

Kwanza, mafuta yaliyolala. Dizeli ya mwaka 1998 ilishageuka utomvu ndani ya tenki. Ukiwasha bila kusafisha, uchafu unakwenda moja kwa moja kwenye pampu na nozo, ambazo ndizo spea ghali kuliko zote kwenye injini ya dizeli. Tenki likashushwa, likaoshwa, mipira yote ikabadilishwa. Pampu ikapelekwa Mwanza kupimwa.

Pili, breki. Mafuta ya breki yananyonya unyevu. Yakikaa miaka mingi, pistoni za breki zinashika kutu na kuganda, na mipira inavimba kwa ndani. Gari inaweza kuwaka vizuri kabisa ikakuua kwenye mteremko wa kwanza. Fundi alisema hapa hakuna kuchonga wala kukarabati: vyote vipya. Akagoma kuendelea mpaka hela ya breki iwepo.

Tatu, vitu vya mpira. Watu wanaangalia kilomita tu, wanasahau miaka. Bushi, mipira ya maji, mikono ya injini, ile sahani ya mpira kwenye propela shafti: vyote vinakauka hata gari ikiwa imesimama, na jua la Shinyanga halina huruma.

Nne, mfumo wa upepo. Hii ndiyo inayowachanganya mafundi vijana. Kwenye Benz hizi, kufunga milango kwa pamoja na hata kuzima injini ya dizeli hutegemea upepo unaovutwa na pampu kupitia vimrija vyembamba. Kimrija kimoja kikitoboka kwenye mlango wa nyuma, unaweza kutoa ufunguo na injini ikaendelea kunguruma. Siyo uchawi. Waliotengeneza walijua, ndiyo maana juu ya injini waliweka kiwashio chekundu kilichoandikwa STOP cha kuizima kwa mkono.

Tano, rejeta. Shingo yake ya plastiki, pale mpira wa juu unapoingia, ina tabia ya kukatika ikizeeka. Maji yote yanamwagika kwa dakika chache, gari inachemsha. Ukiongeza na maji ya kisima yaliyojaa chumvi kwa miaka 11, ndani kunakuwa kama birika la mama ntilie.

Sita, kutu. Hapa Ibadakuli ilimpendelea babu. Ukanda wa Shinyanga ni mkavu, wakati Benz nyingi za Tanga na Zanzibar zimeliwa na chumvi ya bahari. Hata hivyo dirisha moja lilibaki wazi, mvua ikaingia, zulia likakaa na maji, na sakafu ya upande wa dereva ikawa kama chujio. Matundu ya kuwekea jeki nayo yalikuwa yameoza. Kwa gari isiyo na chesisi ya peke yake, sakafu ndiyo mgongo. Siyo suala la urembo.

Panya wakamalizia kazi kwenye nyaya za taa.

JAMAA WA S500

Kuna aliyecheka sana aliposikia habari hizi: rafiki wa yule kijana, naye wa machimboni. Yeye alishapita huko. Duara lake lilipotema, alikwenda Dar akanunua kwa keshi S500 ya miaka ya 90, lile toleo lenye vioo viwili viwili na milango inayojivuta yenyewe. Gari ina uzito wa tani mbili na injini ya V8. Akaingia nayo kwenye vumbi la Geita, watoto wakakimbia nyuma.

Miezi michache, ikaanza kukohoa. Fundi wa kwanza akabadilisha plagi. Wa pili koili. Wa tatu akasema pampu ya mafuta. Kila mmoja alilipwa, na gari ikaendelea kukohoa. Kilichokuja kugundulika ni kitu ambacho wamiliki wa Ulaya wanakijua miaka mingi: Benz nyingi za kati ya 1992 na 1995 zilifungwa nyaya za injini ambazo ganda lake halivumilii joto. Likipata umri linabanduka lenyewe kama ganda la karanga, nyaya zinagusana, na gari inaumwa magonjwa kumi kwa wakati mmoja. Dawa ni kubadilisha mkungu mzima wa nyaya. Yeye alikuwa ameshabadilisha kila kitu isipokuwa nyaya.

Na hapo hujapiga hesabu ya mafuta. V8 kama ile kwa lita 15 kila kilomita 100 siyo ajabu. Petroli ikiwa karibu shilingi 3,000 kwa lita, safari ya kilomita 100 na kitu kutoka Kahama mpaka Shinyanga ni kama 45,000, kwenda tu. Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA wakitangaza bei mpya, jamaa alikuwa anasoma kama matokeo ya mtihani. Mwisho akaiuza kwa mtu aliyetaka siti na taa tu. Ushauri wake kwa mwenzake ulikuwa mmoja: "Kaka, weka injini ya Toyota humo, maisha yaendelee."

INJINI YA TOYOTA AU ROHO YA BENZ?

Huu ndio mjadala mkubwa wa gereji zote za Kanda ya Ziwa. Kupandikiza injini ya Toyota kwenye Benz ni kawaida, na wanaofanya wana hoja: spea zipo kila mahali, kila fundi anaijua, ulaji wa mafuta unatabirika. Wanaokataa nao wana hoja: mikono ya injini inachomelewa upya, propela shafti inakatwa, kadi ya gari inabidi ibadilishwe namba ya injini, na siku ukitaka kuuza, mtu anayependa magari ya zamani hataigusa. Ukifanya kwa fundi mbabaishaji unaishia na gari isiyo Benz wala Toyota.

Fundi wa Ibadakuli alikuwa na jibu la kati. "Kama ingekuwa S-Class ya petroli nyenye madude mengi, ningekuunga mkono. Hii ni 240D. Injini yake ni rahisi kuliko hiyo unayotaka kuleta. Ukinywesha oili safi, ukapima nafasi ya valvu kila kilomita 24,000 hivi, itawazika wajukuu zako."

Kijana akakubali. Injini ikabaki ile ile. Baada ya kusafishwa kila kitu na kuwekewa plagi mpya za joto, ilipigwa stata mara nne. Ya tano ikatoa moshi mweupe mpaka zizi likapotea, ikatetemeka, ikatulia. Bibi alikuwa amesimama mlangoni na kanga yake. Hakusema kitu. Alipiga vigelegele kimoja, akaingia ndani kulia.

HESABU YA MWISHO

Ukoo ulikaa tena, safari hii na daftari. Ukijumlisha spea, fundi, kuchomelea sakafu, rangi, matairi na nauli za kufuata vifaa Mwanza na Dar, Benz ilikuwa imekula bei ya ng'ombe kumi na mmoja. Kwa hela hiyo kijana angepata gari ndogo ya kutembelea na chenji ikabaki. Na bado kiyoyozi kilikuwa hakifanyi kazi.

Baba mdogo akauliza swali ambalo kila anayetaka kufufua gari ya zamani anapaswa kuulizwa: "Ada ya wadogo zako iko wapi?"

Kijana hakuwa na jibu zuri. Alikuwa amelipa muhula mmoja, wa pili alikuwa anadaiwa. Ikabidi aseme ukweli mbele ya bibi. Uamuzi ukatoka pale pale: gari ibaki, lakini ifanye kazi. Ikodishwe kwenye harusi, kwanza hela za ada, halafu hela za oili, na mwenyewe asubiri zamu yake. Bibi akapiga muhuri: "Babu yenu naye alikuwa anabebea watu. Haikuwa gari ya kujionyesha peke yake."

Harusi ya kijana imesogezwa mpaka baada ya mavuno. Wadogo zake wako shule. Benz inatoka Jumamosi, ikiwa imefungwa maua, inatembea polepole ikitoa sauti ile ya dizeli ya zamani ambayo wazee wanaitambua kabla hawajaiona. Katikati ya wiki inarudi chini ya mwarobaini, safari hii juu ya mawe, matairi yasiguse chini, madirisha yamefungwa na kuku wamefukuzwa.

Kama na kwenu kuna gari ya mzee imelala na unaitamani, anza na mambo matatu kabla hujaita mpaka rangi. Inama uangalie sakafu. Uliza kama kadi ya gari ipo na ina jina la nani, maana gari ya marehemu bila mirathi ni kesi, siyo usafiri. Halafu chukua makadirio ya fundi, uyazidishe mara mbili, na ujiulize nani nyumbani atakosa nini.

Je, kwenu ipo? Benz, Peugeot 504 au Land Rover ya babu? Ungeifufua, ungeipandikiza Toyota, au ungepeleka skrepa? Tiririka hapo chini.